Mjadala: Anayehamia Ulaya amchukue mbwa wake, au amwachie nani?

Mtu wa Mwanga (mwenye mada)

Jumapili iliyopita hapa Kigoma tumekaa kikao cha familia, na ajenda ikaishia kuwa mbwa. Mdogo wangu wa kike amepata kazi ya uuguzi Ujerumani, anaondoka baada ya wiki kumi na watoto wake wawili. Pongezi zilitolewa, shangazi akaomba dua, soda zikafunguliwa. Halafu binti yake wa miaka tisa akauliza Watasema atakaa kiti gani kwenye ndege.

Watasema ni mbwa. Jina alipewa na marehemu shemeji, ambaye alikuwa hapatani na jirani, na lilikuwa salamu ya kuvuka ukuta: kila jioni ukimwita mbwa, jirani anasikia. Ni mbwa wetu huyu huyu wa kawaida, rangi ya mchanga wa Kibirizi, sikio moja limesimama na jingine limelala. Anakula ugali na vichwa vya migebuka.

Mdogo wangu akasema anaondoka naye. Wakala mmoja wa Dar amemtajia zaidi ya milioni saba, bila gharama ya kumfikisha huko Dar. Hapo kikao kikachafuka. Baba mdogo akasema hiyo ni hela ya mashine ya boti. Shangazi akauliza: "Kuna watoto wa ukoo huu hata ndege ya Dar hawajapanda, leo mbwa anawatangulia Ulaya?" Watu walicheka, ila hakikuwa kicheko cha utani.

Sasa niwaambie nilichokiona. Tulikuwa watu wazima kumi na wawili. Mdogo wangu upande wake, kumi wakasema mbwa aachwe. Nikauliza, aachwe kwa nani? Baba mdogo akainamia simu. Shangazi ana kuku. Binamu amepanga chumba kimoja. Yaani "mwache" ilikuwa na maana ya mwache nje ya geti, na mbwa wa namna hiyo tunajua anaishia wapi: jalalani, machinjioni, kisha siku ikitangazwa kwamba mbwa wanaozurura watauawa, hana wa kumfungia ndani.

Hoja yangu ni hii: anayesema mbwa aachwe, aseme na kwamba yuko tayari kumchukua. Kama hayuko tayari, asihesabu hela za mwenzake. Nipingeni.

Mjukuu wa Ujiji

Nakupinga kaka, tena kwa heshima. Hiyo kanuni yako ni ya kuwafunga watu midomo. Nikikushauri usiuze kiwanja, ndiyo lazima nikinunue mimi?

Na shangazi msimwone mkatili. Sisi watu wa madhehebu ya Shafi, mbwa akilamba chombo kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mama mwenye udhu wake na kuku wake, unamletea mbwa uani, anaishije? Ila pia nisiache uongo upite: wanaosema dini inamchukia mbwa wafungue Sura al-Kahf, wamkute mbwa amenyoosha miguu yake ya mbele pale kizingitini pa pango pamoja na wale vijana. Mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba ana ruhusa. Na yule mwanamke aliyemfungia paka bila chakula mpaka akafa, hadithi yake tumesomeshwa sote madrasa.

Kwa hiyo kumtupa mbwa ni dhambi, hapo tuko pamoja. Ila kumpeleka ghorofani Ujerumani ni kumtoa kwenye kazi yake. Huko hana geti la kulinda. Mtafutieni geti hapa hapa.

Mtu wa Mwanga

Kiwanja hakilali njaa, mzee wangu.

Kijana wa Bangwe

Mnajua huko mbwa analipa kodi? Berlin ni euro 120 kwa mwaka kwa mbwa wa kwanza. Watasema atakuwa mlipakodi kabla yangu.

Halafu msijaribu kumficha kwenye begi. Mwaka 2015 mwigizaji Johnny Depp aliingia Australia na vijibwa vyake viwili, Pistol na Boo, bila kuvitangaza. Waziri wa kilimo, Barnaby Joyce, akasema virudishwe Marekani au viuawe. Tajiri mzima akavirudisha. Sembuse sisi.

Dokta wa Mifugo

Mnagombania hela wakati kikwazo cha kwanza ni kalenda. Nimewasaidia watu wachache kwa shughuli hii, wengi walinijia wamechelewa.

Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya umezilegezea masharti ya kichaa cha mbwa. Kwa hiyo hatua zinakwenda kwa mpangilio wake na huwezi kuziruka. Kwanza chipu ya utambulisho. Ni kitu cha ukubwa wa punje ya mchele, kinaingizwa kwa sindano chini ya ngozi, kati ya mabega. Mbwa anashtuka kidogo tu, anasahau ukimpa dagaa. Baada ya chipu, ndipo chanjo ya kichaa. Nasisitiza baada: chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi. Kama Watasema alichanjwa kwenye kampeni ya mtaa na mna kadi yake, itunzeni, lakini kwa safari hii anaanza upya.

Kisha mnasubiri siku 30, anatolewa damu, inapelekwa nje kwenye maabara inayotambuliwa na Umoja wa Ulaya. Wanapima kinga, inatakiwa ifike angalau uniti 0.5 kwa mililita. Ikifika, mnahesabu miezi mitatu kuanzia siku damu ilipotoka, siyo siku majibu yalipokuja. Mwisho cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali, na mbwa awe ameingia Ulaya ndani ya siku kumi.

Jumlisheni. Ni kama wiki 17, mkianza leo asubuhi na jaribio la damu lisigome. Mdogo wako ana wiki kumi.

Msiseme basi, mbwa atafuata baadaye. Ili ahesabike kuwa mbwa wa nyumbani anayesafiri na mwenyewe, safari yake na ya mwenye mbwa zisiachane zaidi ya siku tano. Hata mkimkabidhi mtu mwingine kwa maandishi, siku tano ziko pale pale. Zikipita, anaingia kwenye masharti ya mbwa wa biashara, na hayo ni mlima mwingine. Maana yake mama wa watoto itabidi arudi kumfuata, au asogeze safari.

Nchi nyingine kwa kifupi, maana najua mtauliza. Uingereza inafanana na hiyo, ikiongezwa dawa ya tegu kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia. Marekani walibadilisha kanuni tarehe 1 Agosti 2024: mbwa awe na miezi sita au zaidi, ana chipu, na sisi tumo kwenye orodha yao ya nchi zenye hatari kubwa, hivyo asipokuwa na majibu ya damu anakaa karantini siku 28 kwa gharama yenu. Australia hawapokei mbwa moja kwa moja kutoka kwetu.

La mwisho: msimpe dawa ya usingizi safarini. Juu kule inaweza kuvuruga pumzi na moyo, na mashirika mengi ya ndege yanamkataa mbwa aliyelewa dawa. Nunueni boksi mapema, liwe na nafasi ya kusimama, kugeuka na kulala, mmlishie humo wiki kadhaa, mlango wazi. Siku ya safari anaingia kama anaingia kwake.

Asali ya Sikonge

Nawasalimu kutoka Tabora. Kwetu mbwa ni mfanyakazi. Nikienda kukagua mizinga porini, wangu wanatangulia, wananusa nyoka kabla yangu, na mahindi yakikomaa wanafukuza nyani na ngedere. Jioni wanakula, hatudaiani. Huyo Watasema mpakieni treni, mimi nampokea stesheni Tabora. Sina uani, nina pori.

Ila na mimi nina swali kwa mwenye mada. Umesema watu kumi na wawili: mmoja na kumi. Wa kumi na mbili ni wewe. Wewe ulisema nini?

Mwalimu wa Gungu

Swali zuri hilo.

Mimi naongeza upande ambao haujaguswa. Hii siyo hela ya mtu binafsi peke yake, ni jambo la mtaa. Mbwa aliyeachwa hachanjwi tena. Wataalamu wa afya wanasema kichaa kinakatika kwenye jamii pale angalau asilimia 70 ya mbwa wanapochanjwa, na kila anayetupiwa barabarani anapunguza hiyo hesabu. Mwanafunzi wangu aliwahi kung'atwa akirudi nyumbani kwa njia ya bondeni, na mbwa hakuwa na mwenyewe wa kuulizwa kadi. Tulimwosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kwa kutazama saa, tukamkimbiza hospitali, alipona. Lakini baba yake aliuza baiskeli kufuata sindano zilizobaki. Dalili za kichaa zikishaanza, hapo hakuna tena cha kuuza.

Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Nani amewahi kuona mtu aliyehama akiulizwa mbwa wake yuko wapi? Nyumba inakaguliwa bili ya maji na umeme, mbwa hakaguliwi.

Zamani Nyarugusu

Naandika kutoka Marekani. Nilikulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, nikaondoka na mama na wadogo zangu. Hatukuulizwa habari za mbwa na wala hatukuthubutu kutaja. Kila mtu alikuwa anashika karatasi zake asije akaachwa yeye.

Tulikuwa na jike mmoja mweusi. Majirani watatu waliahidi kumtunza, kila mmoja kwa mdomo mtamu. Mama yangu alikataa wote. Akamuuza kwa mtu wa kijiji cha jirani kwa kuku mmoja tetea. Nililia, nikamwona mama ana roho ya jiwe, anamuuzaje mbwa wetu kwa kuku? Akaniambia: aliyepewa bure atamfukuza siku ya kwanza ya njaa, aliyetoa kuku wake atamfunga asipotee. Yule kuku tulimla siku mbili kabla ya basi kuja.

Kwa hiyo simpingi dada anayetaka kumchukua wake, sisi hatukuwa na hiyo nafasi. Ila akishindwa, asimgawe bure. Kaka wa Sikonge, hata wewe utoe kitu. Hata debe la asali.

Asali ya Sikonge

Debe zima kwa mbwa mwenye sikio moja? Nusu debe.

Shangazi wa Mtu

Mimi ndiye mwenye kuku. Mpwa wangu umenianika, haya. Sikusema mbwa atupwe. Nilisema kuna watoto wa marehemu kaka yangu mwingine ada yao hatujaimaliza, na aliyesema ataisaidia ni huyo huyo anayeondoka. Nikisikia milioni saba zimepatikana kwa mbwa, nisiseme? Nilichosema ni hilo, na nalirudia.

Mtu wa Mwanga

Shikamoo shangazi. Hilo la ada ni kweli, na kwenye mada nililiruka. Mdogo wangu amelisoma hapa, amenipigia usiku, tukaongea mpaka vocha ikaisha. Ada ataitanguliza.

Mwalimu, hilo la mtaa nimelikubali moja kwa moja.

Kuhusu swali la Sikonge: nilikaa kimya. Nina uwanja, nina geti, nilikaa kimya kwa sababu nilijua nikifungua mdomo nitaambiwa nimchukue mimi. Nikaja hapa kuwashika wenzangu shati.

Dokta, wiki 17 zimebadilisha mambo. Mpaka sasa mdogo wangu anafikiria kurudi likizo yake ya kwanza na kumfuata, ila nauli ya kurudi ni nyongeza juu ya zile milioni saba, kwa hiyo hajaamua. Bintiye hajaambiwa, maana tangu baba yake afariki yeye ndiye anayemwita Watasema jioni. Nusu debe ya Sikonge haijakataliwa. Kwa vyovyote chipu na chanjo anapigwa wiki hii, maana hata akienda porini chanjo ataihitaji.

Jana jioni nimemleta kwangu, tuone. Usiku amebweka mara mbili, amekula kandambili moja ya kushoto. Mke wangu hakusema kitu. Asubuhi ameniuliza hiyo chipu ni shilingi ngapi.