Safari ndefu ya ndege na mtoto aliyeanza kutembea: nimtulizeje?

Mama wa Tabata
Ndugu zangu, salaam. Mwezi ujao ninatarajia kusafiri kutoka Dar es Salaam kwenda London kwa kupitia Doha, nikiwa na binti yangu wa mwaka mmoja na miezi minane, ambaye tangu ajue kutembea hakubali kukaa hata kwa muda wa kumaliza kikombe cha uji. Baba yake ametutangulia, hivyo nitakuwa peke yangu, na tiketi niliyomkatia ni ya mtoto wa kupakatwa. Safari ya kwanza huchukua takribani saa sita na ya pili takribani saa saba. Shoga yangu amenishauri nimpe dawa ya mafua inayoleta usingizi ili alale njia nzima. Je, ni salama? Na kama si salama, nimshughulishe vipi?

Mfamasia wa Kariakoo
Dada, dawa hiyo usimpe. Haikukusudiwa kumlaza mtoto asiyeumwa. Kwa umri wake inaweza kumdhoofisha upumuaji, na wapo watoto ambao badala ya kusinzia huchangamka na kuhangaika, nawe ukabaki naye angani ukiwa huna la kufanya.

Tena kilio kikali mara nyingi hakitokani na utundu, bali na masikio. Ndege inaposhuka, shinikizo la hewa ndani yake huongezeka, na mrija mwembamba unaounganisha sikio la kati na sehemu ya nyuma ya pua usipofunguka, mtoto huumia. Kumeza ndiko kunakoufungua. Kwa hiyo mnyonyeshe, au mpe maji kidogo kidogo, tangu ndege inapoanza kushuka, ambapo kwa kawaida ni kama nusu saa kabla ya kutua. Akiwa amelala, mwamshe taratibu, kwa kuwa aliyelala humeza mara chache. Akipata mafua au maumivu ya sikio kabla ya safari, apelekwe kwa daktari kwanza.

Bibi wa Mbagala
Mwanangu, mtoto wa umri huo hatulii kwa kuambiwa atulie. Mchoshe mapema: Jengo la Tatu pale uwanja wa Julius Nyerere lina nafasi, mwache atembee mpaka dakika za mwisho. Wenye watoto huitwa kuingia kwanza, lakini mimi sioni faida ya kumfunga mkanda kabla ya wengine ilhali safari yenyewe bado haijaanza.

Omba kiti cha kando ya njia. Vitu vya kuchezea usivitoe vyote kwa pamoja. Kila kimoja kifunge kwenye karatasi, maana kufungua tu ni mchezo unaojitosheleza, na umpe kingine pale tu anapokichoka cha kwanza. Beba kanga mbili: ni shuka, ni pazia la kujifichia, ni mbeleko akitaka kusinzia mkiwa mnasubiri Doha. Chakula kiwe cha kuliwa polepole, kama chapati iliyokatwa vipande vidogo au ndizi mbivu. Karanga na bisi viache nyumbani, vinaweza kumkaba. Na katuni za kwenye simu usimnyime. Masharti ya nyumbani yanaweza kungoja.

Baba wa Kigamboni
Niongeze kuhusu ukaguzi. Maziwa na uji wa mtoto kwa kawaida huruhusiwa hata vikizidi mililita 100, ila vitoe mwenyewe na uvitaje kabla hujaulizwa. Nguo za kubadili ziwe zako pia, si za mtoto peke yake. Zilizochafuka ziandalie mfuko wa kitambaa, kwani mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019.

Mama wa Tabata
Nawashukuru sana, na shikamoo Bibi. Dawa nimeiacha. Na kile kitanda kidogo kinachofungwa ukutani mbele ya viti, nikiombe?

Mfamasia wa Kariakoo
Uliza shirika lenu uzito wa mwisho unaoruhusiwa. Mara nyingi ni kilo 10 au 11, na binti wa miezi ishirini huenda ameshaupita, au miguu yake ikazidi urefu wa kitanda. Ukiwa na uwezo wa kumlipia kiti chake, fedha hiyo itakusaidia zaidi.