Ukoo wa Kibosho: ng'ombe wa Shangazi

*Jumatano asubuhi*

Shangazi: Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Ng'ombe wangu amegoma kula tangu jana jioni. Mate yanamtoka kama kamba, na anapigapiga midomo. Jana asubuhi nilikamua lita 9, leo 2 tu, tena amenirusha teke. Nimpe dawa gani?

Dada Arusha: Shikamoo shangazi, pole sana. Labda kitu kimemkwama kooni?

Kaka Himo: Mchomeni OTC, ile sindano ya antibiotiki, kwangu inamaliza kila kitu.

Baba Mdogo: Subirini kwanza. Dada mwenye ng'ombe, USIMTIE MKONO MDOMONI. Mate mengi yanaweza pia kuwa kichaa cha mbwa. Kuna mbwa aliyemng'ata? Piga picha katikati ya kwato, halafu chuchu.

Shangazi: Hajang'atwa. Anachechemea mguu wa mbele. Picha hizo. Chuchu moja ina lengelenge, mimi nilidhani ndama kamuumiza kwa meno. Na yule mtamba naye kaacha kucheua.

Baba Mdogo: Mtamba yupi?

Shangazi: Niliyemnunua mnada wa Weruweru wiki iliyopita. Alikuwa mzima kabisa.

Baba Mdogo: Ulimtenga?

Shangazi: Banda ni lile lile moja, kaka yangu.

Baba Mdogo: Sawa. Naandika kirefu, someni wote. Picha hizi nimeziona mara nyingi kazini. Nina hofu kubwa ni ugonjwa wa miguu na midomo. Maabara ndiyo itathibitisha, ila kujifungia hatungoji majibu. Ni kirusi. Dalili hutokea siku 2 hadi 14 baada ya mnyama kuambukizwa, na kabla hujaona lengelenge hata moja anakuwa ameshaanza kukitoa kwa pumzi, mate na maziwa. Ndiyo maana mtamba ulimwona mzima. Kaka Himo, OTC haiui kirusi. Daktari anaweza kuitoa ili vidonda visioze, hiyo ni juu yake.

Kaka Himo: Basi auzwe mnadani kabla hajakonda. Hasara yote hiyo nani ataibeba?

Baba Mdogo: Huenda mtamba naye aliuzwa hivyo hivyo. Hapana. Ng'ombe mkubwa kwa kawaida hafi, akitunzwa wiki mbili tatu vidonda vinafunga. Anayekufa ni ndama. Kirusi humshika moyo, anaanguka ghafla bila hata lengelenge. Ukimpeleka mnyama huyu mnadani, kila zizi litakalopokea ng'ombe aliyesimama karibu naye limeingiliwa. Tena Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003 inataka utoe taarifa. Dada, mpigie afisa mifugo wa kata sasa hivi.

Mjukuu: Shikamoo babu. Maziwa ya jana nilipeleka kwa mama jirani, na ya leo nimeshapeleka.

Baba Mdogo: Marahaba, umefanya vizuri kusema. Ayachemshe, na asimpe ndama wala nguruwe mabichi. Binadamu ni nadra mno kuupata ugonjwa huu, wasiogope kwa afya zao. Je, uliingia bandani kwake?

Mjukuu: Ndiyo, kwa buti hizi hizi.

Shangazi: Jamani. Yule mama ana ng'ombe wanne na anasomesha kwa maziwa. Nitamwambia nini mimi?

Baba Mdogo: Mwambie ukweli, leo, kwa simu. Usiende kwake. Akijua leo atawaangalia wake midomo na kwato kila siku, na hatawaruhusu wanaoleta nyasi kuingia. Ukimwacha agundue mwenyewe ndipo utakapokosa la kumwambia.

Dada Arusha: Na kipaimara cha Jumamosi? Tunakuja magari matatu.

Mama Mkubwa: Njooni kwangu Moshi mjini. Mtori nitapika mimi. Kule juu asikanyage mtu.

Baba Mdogo: Aika (asante), dada. Anayehudumia wagonjwa awe mmoja, na asiingie banda lingine. Buti zisuguliwe samadi yote itoke kwanza, maana uchafu huizima dawa ya kuua kirusi, ndipo zilowekwe humo. Kirusi hiki hakivumilii asidi, hata siki inakiua. Wanaoleta nyasi toka tambarare waziache getini. Samadi isiende shamba la mtu. Dume la jirani lisije. Na mbuzi nao wafungwe, wao huonyesha dalili kidogo sana lakini wanaambukiza.

Dada Arusha: Wangu huku Tengeru niwachanje?

Baba Mdogo: Muulize daktari chanjo iliyopo inalingana na aina gani. Sotoka, ile tauni ya ng'ombe ya zamani, ilikuwa ya aina moja, chanjo moja ikatosha, na 2011 ikatangazwa imekwisha duniani. Huu una aina 7. Hapa kwetu zinazunguka O, A, SAT 1 na SAT 2, na kupona aina moja hakumkingi mnyama na nyingine. Chanjo hurudiwa kila miezi 6. Na mnyama mgeni, wote mnisikie, akae peke yake wiki 3 au 4.

*Jumatano usiku*

Shangazi: Afisa mifugo alikuja na daktari wa wilaya. Wamechukua sampuli za kupeleka maabara Arusha. Hakuna mnyama kutoka wala kuingia. Ng'ombe kala majani ya migomba niliyokatakata laini, na uji wa pumba kidogo. Sakafu nimeikausha.

Baba Mdogo: Na jirani?

Shangazi: Alinyamaza muda mrefu kwenye simu. Halafu jioni akaja mpaka getini, akaacha debe la pumba juu ya jiwe, akarudi. Wake bado wanakula.

Mama Mkubwa: Mungu amtunze. Na ndama?

Shangazi: Nimemtenga, anakunywa kwa chupa maziwa niliyochemsha yakapoa. Anahema haraka. Nimeweka kigoda hapa, nakaa naye.