Kuku 7 wameuawa usiku mmoja na hawakuliwa, ni mnyama gani huyu?

MamaChungwa, Muheza
Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari za asubuhi. Naombeni msaada, nimechanganyikiwa. Usiku wa kuamkia leo nimepoteza matetea 7 kati ya 11. Nimefungua banda saa kumi na mbili nikawakuta chini, shingo zimetobolewa, wawili tu ndio hawana vichwa. Nyama haijaguswa. Wanne waliobaki wamejibana juu kwenye mti wa kulalia, nimemwaga pumba hawataki hata kushuka.

Banda ni la mabanzi, chini udongo, juu bati, madirishani nimepiga wavu wa kuku wa kawaida. Komeo nimelikuta vilevile na sijaona palipochimbwa. Jirani anasema ni kicheche, anyonya damu, nimtegee sumu kwenye utumbo. Roho yangu inasita, hapa kuna watoto na mbwa wa watu. Kinachoniuma zaidi, mmoja alikuwa anaatamia mayai 12, zilibaki siku 4 tu. Nimeyafunga kwenye khanga ndani ya kapu, bado yana uvuguvugu.

BiTetea, Korogwe
Pole sana mdogo wangu. Mengine baadaye, mayai kwanza! Tafuta kwa majirani tetea anayeatamia, muwekee sasa hivi, usingoje jioni. Funika kiota kwa gunia pawe giza, atayapokea. Siku ya 17 kifaranga kishakuwa mkubwa humo ndani, anavumilia kupoa saa kadhaa. Usiyaoshe wala kuyatikisa.

FundiBanda
Dada pole. Mimi simhukumu kicheche haraka. Kicheche ni wa kuchimba, na wewe udongo haujaguswa. Natia shaka kanu, yule mwembamba mwenye madoa na mkia wa pete. Anakwea kama paka, na kichwa chake kikipita, mwili wote umepita. Wala hanyonyi damu. Kuku wakifungiwa wanarukaruka gizani hawana pa kukimbilia, naye kila anayepapatika anamng'ata, ndiyo maana anaua wengi kuliko anavyoweza kula. Nguchiro simdhanii sana, wengi wao ni wa mchana.

Panda kwenye stuli ukague pale bati linapokaa juu ya mabanzi. Banzi likipinda linaacha mwanya wa vidole vinne, na mwenye banda haoni kwa sababu anatazama akiwa amesimama chini. Huo wavu nao ni wa kumzuia kuku asitoke, adui haumzuii. Weka weya meshi ya nusu inchi, chini izamishe futi 1. Kama hela haitoshi, anza na upande wanaolala. Hao wanne leo walale jikoni, kwa sababu atarudi.

Mkulima_Lushoto
Sumu usiweke, dada, nakuomba. Kwetu jirani aliweka, akafa mbwa wangu niliyemlea tangu hajafungua macho. Kanu akaendelea kuja. Mizoga izike kwa kina, ukiitupa migombani unamwita.

MamaChungwa, Muheza
Mrejesho, wakuu. FundiBanda Mungu akubariki. Pembe ya nyuma, upande wa mchungwa, msumari umeng'oka na bati limenyanyuka. Kwenye ncha ya msumari nimekuta manyoya mafupi ya kijivu, na banzi la chini yake lina mikwaruzo ya kucha, mipya kabisa. Tawi la mchungwa lilikuwa limelala juu ya bati, ndiyo ngazi yake. Baba watoto kalikata siku ileile, tukaziba mwanya kwa ubao na meshi. Usiku wa pili tukasikia vishindo vyepesi juu ya bati, vinakwenda vinarudi, kisha kimya. Asubuhi wote wanne wazima.

Na mayai, BiTetea, tetea wa jirani aliyapokea. Yameanguliwa 5! Nimewatazama mpaka machozi yamenitoka. Sasa naogopa mwewe, huku wanapita tangu saa tatu asubuhi. Niwafungie mpaka lini?

BiTetea, Korogwe
Alhamdulillahi. Wiki 6 usiwaachie uwanja mtupu. Nenda kwa wavuvi Tanga mjini, waombe wavu chakavu wasioutumia tena, uutandaze juu ya uzio kimo cha mtu, ukaze usilegee katikati. Na huo mchungwa usiukate wote, kivuli wanakihitaji.