Tupeane uzoefu: safari ya gari kutoka Nairobi kwenda kutazama wanyama na maji yanayoruka kutoka ardhini

Baba Tatu, Donholm

Habari zenu wanachama. Shule zikifungwa mwezi wa kumi na mbili nimewaahidi wanangu watatu kwamba tutakwenda mahali ambapo wataona wanyama wa porini na maji yanayochemka yenyewe ardhini, katika safari moja na kwa gari letu dogo. Anayeomba hadithi za wenzake hana budi kutoa yake kwanza, kwa hiyo nianze.

Mwaka jana tulikwenda Hell's Gate, karibu na Naivasha, mwendo wa kilomita zipatazo 90. Tulishuka kwa barabara ya chini, ile inayopitia Mai Mahiu, na nilipowaeleza watoto kwamba jina hilo kwa Kikikuyu maana yake ni maji moto, yule kitinda mimba akataka tusimame papo hapo tuyatafute. Mbuga ile ina jambo ambalo ni adimu nchini, nalo ni ruhusa ya kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia, ngiri, swala na twiga, ingawa nyati nao wapo na hawana mzaha. Baiskeli niliyokodishiwa ilikuwa na breki moja tu, ya nyuma, nayo ilishika pale ilipopenda. Tulipokutana na ngiri na watoto wake wanne wakivuka njia, mikia imesimama wima kama antena za redio, nilisimama kwa kuburuza viatu. Viatu vile sikuvirudisha nyumbani vikiwa na soli.

Hata hivyo, upande wa Olkaria, ambako umeme umekuwa ukizalishwa kwa joto la ardhini tangu 1981, tuliona mvuke na mabomba makubwa yaliyopindapinda, lakini maji hatukuyaona. Binti yangu aliuliza mara tatu, "Baba, maji yenyewe yako wapi?" Sikuwa na jibu. Ndiyo maana nawauliza ninyi mliokwenda mbali zaidi.

Mwalimu Mstaafu, Kahawa Magharibi

Baba Tatu, maji uliyoyakosa yamo ndani ya korongo la Ol Njorowa. Niliwapeleka wanafunzi wa darasa la saba huko mwaka 2009. Pale chini kuta za mwamba zimesogeleana hivi kwamba unagusa huku na huku kwa mikono miwili, na maji ya moto huchuruzika kutoka kwenye nyufa yakiacha michirizi ya rangi ya kutu. Mwanafunzi mmoja aliweka kidole ili aonyeshe ushujaa, akakitoa upesi kuliko alivyokiweka.

Ninayakumbuka hayo kwa furaha iliyochanganyika na hofu, kwa sababu mwaka 2012, na tena mwaka 2019, mafuriko ya ghafla yaliwaua wageni waliokuwa ndani ya korongo hilohilo. Mvua hunyesha juu milimani, mahali ambapo wewe uliye chini huoni wingu wala husikii radi, kisha maji yote hutafuta njia moja nyembamba, nayo ndiyo hiyo uliyosimama. Ukifika langoni, waulize askari wa mbuga kama korongo limefunguliwa, na wakikukataza, usitafute kijana wa kukupitisha kwa mlango wa nyuma. Mimi na walimu wenzangu hatukumuuliza mtu yeyote siku ile. Tulirudi salama kwa bahati tu.

Dada wa Lang'ata

Nenda Ziwa Bogoria, kaka, lakini uende ukijua utakachokikuta. Nimefika mara mbili, mwaka 2011 na mwaka 2022, na naweza kusema nilitembelea maziwa mawili tofauti.

Njia yenyewe ni nzuri. Ukitoka Nakuru unashika barabara ya Marigat, unavuka ikweta pale Mogotio, ambapo watoto watataka kupigwa picha mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini, kisha ardhi inateremka na joto linapanda hadi unajuta kuvaa sweta uliyoondoka nayo Nairobi alfajiri. Hifadhi iko chini ya serikali ya kaunti ya Baringo, kwa hiyo usidhani ada ulizozizoea katika mbuga za taifa ndizo zitakazotumika.

Mwaka 2011 tuliegesha gari karibu kabisa na chemchemi za Loburu. Maji yalikuwa yakifoka kwa vishindo, mengine yakirushwa juu kunipita kimo, na ardhi chini ya viatu ilikuwa na uvuguvugu kama sakafu ya jikoni. Tulitia mayai sita kwenye mfuko wa nyavu wa vitunguu, tukaufunga kwenye fimbo ndefu na kuutumbukiza katika kidimbwi. Ziwa liko mita zipatazo 990 tu juu ya usawa wa bahari, basi maji huko huchemka kwa nyuzi chache chini ya 100, na baada ya dakika kumi mayai yalikuwa yameiva sawasawa, ila maganda yalinuka kiberiti. Upande wa pili wa maji heroe walikuwa wamepanga ufuo mzima kwa rangi ya waridi, kwa kuwa ziwa hilo la magadi huotesha mwani ambao ndio chakula chao.

Mwaka 2022 niliwapeleka wazazi wangu, baada ya kuwasimulia mambo hayo kwa miaka kumi na moja. Ziwa lilikuwa limepanda. Barabara ya kandokando ya ufuo ilikuwa imezama, miti iliyokauka ilisimama majini kama nguzo za nyumba isiyoezekwa, na chemchemi nyingi nilizozijua zilikuwa chini ya ziwa, zikijulikana tu kwa mapovu na mvuke uliopepea juu ya uso wa maji. Chache za pembezoni bado zilifoka. Heroe nao walikuwa wachache, maana ndege hao huhama ziwa hadi ziwa wakifuata chakula. Mama alinitazama bila kusema neno, na nikatamani aseme.

Kilichoiokoa siku ni tandala wakubwa. Jua lilipokuwa likizama, madume mawili yenye pembe zilizojisokota yalitoka kichakani umbali wa hatua thelathini hivi, yakasimama, yakatutazama, yakaendelea kula. Baba, ambaye alikuwa ameshinda akilalamikia joto, alinong'ona njia nzima hadi Marigat, kana kwamba wanyama wale bado walikuwa wakimsikia. Kwa hiyo usiifanye safari ya kwenda na kurudi siku moja, kwa maana utaondoka saa ileile ambayo wanyama wanatoka. Piga simu hotelini kabla ya kwenda, uulize kiwango cha maji kikoje wiki hiyo, na usiwaonyeshe watoto picha za zamani.

Mzaliwa wa Baringo, sasa Rongai

Ninaongeza jambo moja tu. Eneo hilo ni la Waendorois, waliohamishwa katika miaka ya 1970 ili hifadhi ianzishwe, na mwaka 2010 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ulitangazwa ukiwapa haki. Kwa wazee wetu maji yale ni mahali pa ibada, si jiko la mayai. Sikulaumu, dada, hata mimi nimeyala, lakini maganda yaondoeni, na mchukue kiongozi kijana wa palepale, ambaye atawaambia majina ya vitu ambayo hayapo kwenye kibao chochote.

Mtu wa Maabara, South B

Nilipomtembelea dada yangu Marekani, tuliendesha gari kutoka Salt Lake City kwa muda wa saa tano hivi hadi Yellowstone, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1872, ambayo ina chemchemi zinazoruka zaidi ya 500. Kule hutumbukizi mayai popote. Unatembea juu ya njia za mbao, na vibao vinakueleza waziwazi kwamba ukoko wa ardhi ni mwembamba na chini yake kuna maji yanayounguza, kwa kuwa watu wamekwisha kufa humo. Chemchemi mashuhuri, Old Faithful, hufoka kila baada ya dakika 90 hivi, nasi tulikaa kwenye mabenchi pamoja na mamia ya watu tukiisubiri kama matatu ya mwisho. Ilipopanda, mita 40 au zaidi kwa kukadiria kwangu, hakuna aliyezungumza hadi iliposhuka.

Wanyama walitufunga njia mara mbili. Baisani dume, aina ya nyati wa Marekani, alitembea katikati ya barabara kwa mwendo wake mwenyewe, magari yakimfuata nyuma, na hakuna aliyepiga honi. Sheria inataka ukae mita 23 mbali naye, ila yeye hajaisoma.

Kilichonigusa zaidi ni cha kazini kwangu. Katika chemchemi za hifadhi hiyo ndimo walimokuta, katika miaka ya 1960, bakteria anayestahimili joto kali, na kimeng'enya chake ndicho kilichowezesha vipimo vya PCR, vilevile tulivyovifanya usiku na mchana wakati wa korona. Nilisimama mbele ya kidimbwi cha buluu chenye kingo za rangi ya chungwa, nikakishukuru kimoyomoyo. Dada yangu alidhani ninasali.

Fundi wa Kariobangi

Chemchemi ya kwanza kuiona mimi ilitoka kwenye rejeta ya gari langu, tukiupanda mlima kutoka Mai Mahiu tukirudi nyumbani. Sindano ya joto ilikuwa imefika mwisho, nikasimama, nikafungua mfuniko kabla injini haijapoa, nami fundi wa miaka ishirini. Maji yalifika juu ya boneti na mkono wangu una alama hadi leo. Baadaye niligundua kwamba kilichonipata ndicho kinachotokea Bogoria: maji yaliyobanwa huweza kupata moto kupita kiwango cha kuchemka bila kuchemka, na mbano ukilegea kidogo tu, mengi hugeuka mvuke kwa mara moja na kuyasukuma yaliyo juu.

Baba Tatu, kabla ya kuteremka na watoto, leta gari nitazame mipira ya maji, feni na huo mfuniko. Sitatoza kitu, nitakuomba picha ya tandala.

Baba Tatu, Donholm

Nimewasoma wote, asanteni. Tutalala Marigat usiku mmoja, na mayai nitayachemshia nyumbani. Fundi, Jumamosi saa tatu nitakuwa mlangoni kwako. Naomba usinicheke, maana mfuniko wa rejeta nimeufunga kwa waya tangu Pasaka.