Simba na Yanga zikikutana fainali ya CAF: kama zote zinatumia Mkapa, goli la ugenini ni lipi?

Mtani_wa_Kariakoo

Wakuu, habari za jioni. Tangu msimu wa 2022/23 CAF, wasimamizi wa soka la Afrika, wamerudisha fainali za nyumbani na ugenini, Ligi ya Mabingwa na Kombe la Shirikisho pia. Tuseme watani wetu wote wawili wamevuka nusu fainali, na wote wameandikisha Mkapa kuwa uwanja wa nyumbani. Mechi ya kwanza Mkapa, marudiano Mkapa. Je, goli la ugenini linahesabika? Na nani anaanza nyumbani? Imeshawahi kutokea mahali timu za nchi moja zikacheza fainali ya bara kwa mikondo miwili? Naomba majibu yenye mifano, si ushabiki.

Kipenga_cha_Tatu

Mkuu, kanuni ni kwamba jumla ya magoli ikilingana, aliyefunga mengi ugenini ndiye mshindi. Na goli la ugenini halifuati nyasi, linafuata karatasi. Ratiba ikiandika Simba v Yanga, Simba ndiye mwenyeji na kila goli la Yanga ni la ugenini, hata kama Yanga wamelala kilomita mbili kutoka uwanjani. Marudiano ikiandikwa Yanga v Simba, mambo yanageuka.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya 2003, AC Milan na Inter, zote wenyeji wa San Siro. Tarehe 7 Mei Milan walikuwa wenyeji, 0-0. Tarehe 13 Mei Inter wakawa wenyeji, 1-1, Shevchenko kwa Milan na Martins kwa Inter. Milan wakaenda fainali kwa goli lile la Shevchenko, lililofungwa kwenye uwanja anaouchezea kila wiki. Kanuni ndivyo ilivyosema, basi.

Uwanja ukihamishwa, haki ya mwenyeji haipotei. Fainali ya Kombe la UEFA 1990, Juventus na Fiorentina: Juve walishinda 3-1 Turin, marudiano Fiorentina walikuwa wenyeji kwa jina lakini wakapelekwa Avellino kwa sababu ya vurugu za mashabiki kwenye nusu fainali. Ikaisha 0-0. Fainali ya kombe hilo 1995, Juve hao hao wakipambana na Parma, mechi yao ya nyumbani ilichezwa San Siro, Milan. Parma walikuwa wameshinda 1-0 kwao, wakatoa sare ya 1-1 kule, kombe likaenda Parma. Magoli yote mawili ya Parma alifunga Dino Baggio.

Kwa Afrika, Kombe la Shirikisho 2008 lilikuwa la Watunisia watupu: CS Sfaxien na Étoile du Sahel. Sfax 0-0, Sousse 2-2. Sfaxien mabingwa kwa magoli ya ugenini.

Mwamba_wa_Pembeni

Naongezea upande wa hesabu, maana hapo ndipo mashabiki wengi na hata makocha huumia. Goli la ugenini likiwepo, ushindi wa 1-0 nyumbani ni bora kuliko 3-2, ingawa tofauti ya magoli ni ileile. Ukishinda 1-0, marudiano ukifungwa 2-1 umebeba. Ukishinda 3-2, ukifungwa 1-0 tu umekwisha.

Hilo ndilo lililowakuta Borussia Mönchengladbach 1980, fainali ya Kombe la UEFA, dhidi ya Eintracht Frankfurt. Mwaka huo timu zote nne za nusu fainali zilikuwa za Ujerumani Magharibi. Gladbach 3-2 kwao, kisha Frankfurt 1-0, goli la Fred Schaub dakika ya 81. Jumla 3-3, kombe la Frankfurt. Yanga nao wanaujua uchungu huu: 2023 walifungwa 2-1 na USM Alger hapa Mkapa, wakaenda Algiers wakashinda 1-0, jumla 2-2, kombe likabaki Algeria.

Kwa hiyo mwenyeji wa mechi ya kwanza, kazi yake ya kwanza ni kutofungwa. Sare ya 0-0 nyumbani watu wanaizomea, lakini inamlazimisha mpinzani ashinde kwao, kwa sababu sare yoyote yenye magoli marudiano ni yako.

Mtani_wa_Kariakoo

Asante sana wakuu. Sasa nimewaza fainali ya Libertadores 2018, klabu bingwa ya Amerika Kusini, Boca na River za Argentina. Bombonera, kwa Boca, iliisha 2-2. Ina maana River walikuwa wanatosheka na 0-0 au 1-1 marudiano?

Kipenga_cha_Tatu

Hapana, na hapa ndipo umuhimu wa kusoma kanuni ya mashindano yenyewe. CONMEBOL, wasimamizi wa soka la Amerika Kusini, wakati ule walitumia goli la ugenini hatua za mtoano lakini si kwenye fainali. Fainali ilikuwa jumla ya magoli, kisha dakika 30 za nyongeza, kisha matuta (penalti).

Tazama tofauti inayoleta. Marudiano, yaliyohamishiwa Santiago Bernabéu, Madrid, tarehe 9 Desemba baada ya basi la Boca kushambuliwa likielekea uwanja wa River, yalifika dakika ya 90 yakiwa 1-1: Benedetto kwa Boca dakika ya 44, Pratto kwa River ya 68. Jumla 3-3. Kwa kanuni ya ugenini River wangekuwa mabingwa palepale, wana magoli mawili ya Bombonera na Boca wana moja. Badala yake wakaingia muda wa nyongeza. Barrios wa Boca akala nyekundu dakika ya 92. Quintero akapiga kwa mguu wa kushoto kutoka nje ya boksi dakika ya 109, mpira ukagusa mtambaa panya kwa chini ukazama. Boca wakabaki tisa Gago alipoumia wakiwa wamemaliza mabadiliko. Jara akagonga mwamba, ikatoka kona, kipa Andrada akapanda mbele, na Martínez akakimbia na mpira mpaka wavu mtupu. 3-1, jumla 5-3.

Mwaka 2008 kanuni hiyohiyo ya kutohesabu goli la ugenini kwenye fainali iliwaokoa LDU Quito wa Ecuador. Walishinda 4-2 kwao, wakafungwa 3-1 na Fluminense wa Brazil uwanjani Maracanã, jumla 5-5. Kwa hesabu ya ugenini Fluminense ndio mabingwa. LDU wakabeba kwa matuta.

UEFA waliifuta kanuni ya goli la ugenini kuanzia msimu wa 2021/22. Kwa hiyo usibebe hesabu za bara moja ukazipeleka bara jingine.

Mwamba_wa_Pembeni

Swali la nani anaanza nyumbani halijajibiwa vizuri. CONMEBOL waliangalia makundi: River walimaliza wa kwanza, Boca wa pili nyuma ya Palmeiras, ndiyo maana River wakapewa marudiano. CAF hupangwa kwenye droo, kwa hiyo inajulikana hata kabla nusu fainali hazijachezwa.

Kuna faida ya marudiano nyumbani ambayo haisemwi sana: muda wa nyongeza ukiwepo, ni mwenyeji huyo anayezipata dakika 30 zaidi mbele ya watu wake.

Na angalieni kadi. Fainali ya mechi moja, njano haina kesho. Ya mikondo miwili ina. Borré wa River alikosa Madrid kwa njano ya Bombonera, na kocha Gallardo hakukaa benchi mechi zote mbili kwa adhabu ya nusu fainali dhidi ya Grêmio, msaidizi wake Biscay ndiye aliyesimama. Mchezaji mwenye njano za kulimbikiza, kocha wake kwenye mechi ya kwanza inabidi aamue mapema: amchezeshe wote 90, au amtoe dakika ya 60 akiwa bado safi.