HiAce 5L taa za mbele hazimuliki, nimebadilisha balbu mpaka soketi imeyeyuka

Nyanya_Ilula

Wakuu habari za mchana. Nina Toyota HiAce ya zamani yenye injini aina ya 5L, nabebea nyanya kutoka Ilula kwenda Morogoro na mara nyingine nafika mpaka Dar. Mzigo unapakiwa jioni kwahiyo safari yote ni ya usiku, na taa za mbele zimekuwa za njano kama kibatari. Juzi nashuka Kitonga lori linapanda likanipiga fulu, lilipopita sikuona hata ukingo wa barabara, nikasimama palepale na mzigo mgongoni. Mikumi ndo usiseme, pale hifadhini wanyama wanakatiza muda wowote na mimi pundamilia namuona akiwa ameshanikaribia kabisa.

Nilikuwa na balbu za H4 60/55 (wati 60 za fulu, 55 za dimu, yani taa za chini), fundi akaniambia weka 100/90. Nikaweka, siku mbili tatu nikaona afadhali, alafu ikaanza harufu ya plastiki. Kuchomoa soketi ya kushoto nakuta pini moja imegeuka kahawia na plastiki yake imelainika ikashikana na balbu, na mkono wa swichi pale kwenye usukani ukiushika una joto. Fundi akakwangua rangi pale ethi (njia ya umeme kurudi kupitia bodi) inapofungwa kwenye bodi akafunga na waya mpya wa ethi, hakuna kilichobadilika. Altaneta imepimwa ni nzima. Sasa nibadilishe wayaringi yote au nifunge LED? Naombeni msaada, hii gari ndo inalisha familia.

FundiWaya

Mkuu pole sana. Kwanza kabisa toa hizo 100/90 leo, usisubiri kesho. Dimu ya wati 90 mara taa mbili ni wati 180, hapo umeme unaopita ni kama ampea 14 wakati za kawaida 55 zinakula ampea 9 hivi, na huo umeme wote kwenye hizi Toyota za zamani unapita kwenye ile swichi ya usukani na kurudi. Waya zina miaka zaidi ya 20, vishikio vya ndani ya swichi vimeungua vyeusi, ndo maana kunachemka. Balbu sio mbovu, chakula hakimfikii.

Na kuhusu ethi, fundi wako hakukosea kukwangua ila kwenye gari hii haisaidii. Toyota nyingi za enzi hizo swichi haikati moto (umeme unaotoka betri), inakata ethi. Yani moto unafika moja kwa moja kwenye pini ya pamoja, ile wanayochangia dimu na fulu, alafu swichi ndo inachagua irudishe ethi ya dimu au ya fulu. Kwahiyo ethi ya taa haiishii pale kwenye bodi karibu na taa, inatembea mpaka kwenye usukani kwanza.

Kuhakikisha chomoa soketi ZOTE MBILI, kulia na kushoto (ukiacha moja imechomekwa moto unazunguka kupitia waya wa ndani ya balbu ile na testa, yani maltimita ya kupimia volti, itakudanganya). Washa taa, ncha nyeusi ya maltimita weka kwenye bodi, nyekundu gusa pini moja moja. Kama ni pini ileile ina volti 12 ukiwa dimu na ukiwa fulu, basi swichi yako inakata ethi.

Alafu rudisha balbu 60/55, injini iwe inaunguruma na taa zinawaka, chomeka ncha za testa kwa nyuma ya soketi upime volti zinazofika kwenye balbu yenyewe. Pima na kwenye betri. Leta namba hapa.

DadaGia

Kaka mimi nakuomba uiache hiyo LED kwanza. Nilifunga kwenye Hilux yangu ya zamani za bei rahisi, kwa macho yangu mwenyewe zilikuwa nyeupe nzuri lakini kila ninayekutana naye ananipiga fulu akidhani nami nimewasha fulu, kumbe kile kioo cha taa kimetengenezwa kwa balbu ya halojeni (hizi za kawaida kama H4), ukiweka LED mwanga unatawanyika ovyo. Na ile taa ya buluu ya fulu kwenye dashibodi ikawa inawaka muda wote hata nikiwa dimu, sababu ndo hiyo anayoisema FundiWaya ya swichi kukata ethi.

Angalia na kile kioo cha ndani ya taa kinachorudisha mwanga. Kama kimepata ukungu au kimebanduka hakuna waya utakaokuokoa, na usikisugue na kitambaa maana ile rangi ya fedha inatoka yote. Ukinunua taa za mtumba hakikisha ni za usukani wa kulia, zile zilizotoka nchi za kuendesha upande wa kulia wa barabara dimu yake inamulika upande wa anayekuja.

MzeeWaCanter

Vijana mnaosoma uzi huu na mna Canter, pimeni kwanza betri, nyingi ni volti 24, vifaa vya volti 12 mkifunga humo vinaungua. Mwenye HiAce wewe ni 12 huna shida.

Nyanya_Ilula

FundiWaya nimepima mkuu. Betri injini ikiwa inaunguruma 14.1. Kwenye balbu ya kushoto dimu 11.4, kulia 11.6. Na ni kweli pini ni ileile moja yenye moto, dimu na fulu.

FundiWaya

Umeona sasa. Volti 2.7 zinapotelea njiani. Balbu ya halojeni ikipungukiwa volti kidogo mwanga unashuka sana, kwa 11.4 unapata kama nusu tu ya mwanga uliotakiwa kuupata.

Usibadilishe wayaringi yote. Funga rilei mbili (swichi ndogo zinazowashwa kwa umeme kidogo), moja ya dimu moja ya fulu, za volti 12 ampea 30 au 40. Waya wa milimita za mraba 4 utoke betri, fyuzi iwe karibu na betri kabisa usiiweke huko mbele, alafu uingie namba 30 ya rilei zote mbili (namba zimeandikwa kwenye miguu ya rilei). Namba 87 ndo inatoka kwenda kwenye taa kwa waya wa 2.5. Ile soketi ya zamani (ya upande mzima, ya kulia) sasa haitawasha taa tena, kazi yake inabaki kuiamsha rilei tu: pini ya moto na pini ya dimu zinaenda 85 na 86 za rilei ya dimu, pini ya moto na pini ya fulu zinaenda kwenye rilei ya fulu. Hapo haijalishi swichi inakata nini, ila chagua rilei ambayo haina dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ndani. Soketi mpya nunua za kauri, sio plastiki, na ile pini ya kuchangia sasa unaipeleka ethi kwenye bodi kwa waya mnene, hapo kukwangua rangi kutakuwa na maana. Swichi itakuwa inabeba umeme wa kuamsha rilei tu, haifiki hata nusu ampea.

MzeeWaCanter

Naongeza mawili. Kila taa ipe fyuzi yake ya ampea 15, kushoto peke yake kulia peke yake, mimi nilifunga moja ya zote nikapata giza totoro kwenye kona, hilo sitamani limpate mtu. Na rilei zifunge midomo ikitazama chini, mbali na maji ya tairi.

Nyanya_Ilula

Wakuu nimerudi. Nimefunga na fundi mwingine kijana mwenye subira, tulianza saa 4 asubuhi tukamaliza saa 9. Balbu 60/55 zilezile za kawaida, sasa zinapata 13.6 kushoto na 13.7 kulia. Mkono wa swichi wa baridi kabisa. Tulivyofungua ile swichi kishikio cha dimu kimechimbika shimo.

Ila nimeanza kupigwa fulu na wenzangu hata nikiwa dimu, shida nini?

FundiWaya

Nadhani mwelekeo wa taa umeurekebisha gari ikiwa tupu, ukipakia nyanya nyuma inakaa na pua inanyanyuka. Irekebishe ikiwa na mzigo, simama mita 10 kutoka ukutani, ukingo wa juu wa dimu uwe chini ya usawa wa taa kwa sentimita 10.

Nyanya_Ilula

Nimefanya hivyo Ilula kabla ya kutoka, kwenye ukuta wa ghala. Nimeshuka Kitonga saa 5 usiku, nimepishana na malori hakuna aliyenipiga fulu, na kwa mara ya kwanza nimeona zile kingo za pembeni kona nzima kabla sijaingia. Mungu awabariki.