Mrejesho: tope la Msimbazi limeshapita tanurini

Wakuu, nilikuja na swali: nina sampuli 24 za tope la mdomo wa mto Msimbazi, hapa Dar es Salaam, hela ya kupima metali nzito inatosha sita tu, nichague zipi? Mkaniambia nizichome kwanza. Nimechoma.

Nilizikausha kwa nyuzi 105 usiku kucha, nikapima gramu mbilimbili, kisha tanurini nyuzi 550 kwa saa nne. Uzito unaopotea hapo zaidi ni mabaki ya viumbe, na risasi, shaba na zinki hupenda kung'ang'ania humo, kwa hiyo sampuli inayopungua sana ndiyo ya kushuku. Mara ya kwanza nilichemka: vibakuli vya kauri niliviandika namba kwa makapeni, tanuri likala wino wote. Tope jeusi limegeuka jekundu kama tofali, kipi ni kipi sijui! Nikarudia, safari hii nikachora mpangilio daftarini.

Aliyenionya kwamba mikoko inaweza kunidanganya alisema kweli. Sampuli ya chini ya mikoko ndiyo iliyopungua kuliko zote, kumbe ni vimizizi, wala si uchafu wa mjini. Mfinyanzi nao huachia maji yake ya ndani kwenye joto hilo, ukadhani umeshika kitu. Basi nikalinganisha mfinyanzi kwa mfinyanzi, mchanga kwa mchanga. Magamba ya kome nimeyaacha. Hayo yanataka nyuzi 950 ndipo yapungue.

Nne nimechukua zilizopungua kupita kiasi, mbili zilizopungua kidogo kabisa, za kulinganishia. Zimeshafika maabara, nasubiri majibu.